Leza badala ya redio angani: faida yake na shida yake zinatoka sehemu moja

Watu wengi wakisikia vyombo vya angani vimeanza kutuma data kwa leza badala ya redio, jibu la haraka huwa ni "aah, kwa sababu mwanga una spidi kuliko redio". Hapana. Inabidi nianzie hapo maana hilo likikaa vibaya kichwani, yote yanayofuata yatakaa vibaya. Mawimbi ya redio na mwanga ni kitu cha aina moja, yote ni mawimbi ya sumaku-umeme, tofauti ni urefu wa wimbi tu, na angani yote yanakimbia karibu kilomita 300,000 kwa sekunde. Mars ikiwa umbali wa kilomita milioni 225, ujumbe wa redio unachukua dakika 12 na nusu kufika huku, na wa leza pia dakika 12 na nusu, hakuna anayemtangulia mwenzake. Kwa hiyo kama ulikuwa unasubiri siku ya kuongea na mtu aliyeko Mars akakujibu papo hapo, leza haitakusaidia na hakuna kitu kitakachosaidia.

Kinachobadilika ni wingi wa data inayoingia kwa kila sekunde, na hapo ndo kuna njaa ya kweli. Chukua New Horizons, chombo kilichopita karibu na Pluto Julai 2015. Picha na vipimo vilikusanywa kwa siku chache tu lakini kuvishusha vyote Duniani kulichukua mpaka Oktoba 2016, zaidi ya mwaka mzima, kwa sababu toka kule redio ilikuwa inatema kilobiti moja au mbili kwa sekunde (biti ni kipande kidogo kabisa cha data, 0 au 1; kilobiti ni biti elfu, megabiti ni milioni). Kamera na vipimo vinazidi kuwa vizuri kila mwaka, chombo kinaona mambo mengi kuliko kinavyoweza kusimulia, afu wanasayansi wanalazimika kuchagua kipi kishuke na kipi kifutwe. Mimi hilo la kufuta linaniuma kweli, umetuma kitu mamilioni ya kilomita, kimeona, halafu kinachoonekana hakifiki.

Sasa kwa nini mwanga ubebe zaidi? Sababu kubwa ni kwamba mwale wa mwanga unaweza kufanywa mwembamba sana. Kuna kanuni ya fizikia ambayo haikwepeki: wimbi lolote likitoka kwenye dishi au kioo linatanuka kadiri linavyosafiri, na kiasi cha kutanuka kinategemea urefu wa wimbi ukigawanya kwa upana wa kile kilicholirusha. Wimbi refu linatanuka sana, fupi linatanuka kidogo. Redio ya kisasa ya vyombo vya mbali, ile ya gigahezi 32, yaani inayotikisika mara bilioni 32 kwa sekunde, ina wimbi la kama milimita 9. Leza inayotumika sana kwenye kazi hii ina wimbi la nanomita 1,550, ambayo ni kama mara 6,000 fupi zaidi.

Tupige hesabu maana hapa namba zenyewe ndo zinaongea. Weka chombo umbali ule ule wa kilomita milioni 225. Kikiwa na dishi la redio la mita 3, mwale wake ukifika huku umetanuka kama kilomita 675,000, yaani unaweza kupanga Dunia zaidi ya 50 kwa mstari ndani ya duara hilo, na antena yetu moja chini hapa inachota tone dogo tu, kingine chote kinapita zake kwenda gizani. Sasa weka leza inayotokea kwenye kioo cha sentimita 22 tu. Mwale wake ukifika umetanuka kama kilomita 1,600. Nguvu ile ile imebanwa kwenye eneo dogo karibu mara 180,000, na kifaa kilichorusha ni kidogo zaidi kuliko lile dishi.

Ukiishia hapo utadhani leza inabeba data mara 180,000 zaidi, na kuna watu wanaandika hivyo, lakini haiendi hivyo. Mwanga unakuja kwa vipande vipande vinavyoitwa fotoni, na fotoni moja ya leza hii ina nishati kama mara 6,000 ya fotoni ya redio, maana yake kwa wati zile zile unapata fotoni chache mara 6,000. Sehemu kubwa ya faida inaliwa hapo. Ongeza na upotevu wa kwenye vioo na hewa, ndo maana wahandisi wenyewe wanazungumzia faida ya mara 10 mpaka 100 ukilinganisha na redio yenye ukubwa na umeme unaokaribiana. Ni ndogo kuliko ile namba ya kutisha, lakini ni tofauti ya kushusha data kwa mwaka na kushusha kwa wiki.

Faida ya pili haizungumzwi sana, nayo ni nafasi. Masafa ya redio yamejaa watu. Kwa vyombo vya mbali kuna kipande cha megahezi 8,400 mpaka 8,450, yaani megahezi 50 tu wanazogawana wote, na kingine cha juu cha megahezi 500, na kila mtu lazima akubaliane na wenzake kupitia shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, asije akamwingilia mwingine. Kanuni za redio za kimataifa zinaishia gigahezi 3,000. Leza ya nanomita 1,550 iko kama gigahezi 193,000, juu kabisa ya huo mpaka, nafasi ni kubwa na kwa vile miale ni myembamba wawili wanaweza kutumia rangi ile ile ya mwanga bila kugusana. Wembamba huo huo unafanya iwe ngumu kwa mtu kuusikiliza au kuuvuruga, inabidi awe ndani ya duara la mwale lenyewe.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko redio. Mwaka 1880 Alexander Graham Bell na msaidizi wake Charles Sumner Tainter walituma sauti kwa mwanga wa jua pale Washington, umbali wa kama mita 213, kwa kioo chembamba kinachotikisika mtu akiongea na kipokezi cha seleniamu, kitu kinachohisi mwanga, upande wa pili. Bell aliuona ugunduzi huo ni mkubwa kuliko simu yake. Ila wingu likipita, maongezi yamekatika, na kumbuka hilo wingu kwa sababu miaka zaidi ya 140 baadaye bado linatusumbua. Leza yenyewe ilipatikana 1960, na Desemba 1992 chombo cha Galileo kikiwa njiani kwenda Jupiter kilirushiwa miale ya leza kutoka Duniani na kamera yake ikaiona mpaka umbali wa kilomita milioni 6. Hakukuwa na data ya maana, ilikuwa kuthibitisha tu kwamba unaweza kulenga kitu kilichoko mbali hivyo na ukakipata.

Kulenga ndo roho ya kazi yote hii. Wembamba uliotupa faida ndo unaotupa taabu, maana ukiwa na mwale wa redio wenye upana wa Dunia 50 hata ukilenga ovyo kidogo bado unapata, ila mwale wa kilomita 1,600 hauifuniki hata Dunia yenyewe, lazima ujue unaangukia upande gani. Chombo kinatikisika, mota zake zinazunguka, na mtikisiko mdogo kabisa unatosha kuutupa mwale nje. Kwa hiyo darubini ya leza inakaa juu ya mfumo wa kuizuia isipate mitikisiko ya chombo, halafu kutoka Duniani inarushwa leza yenye nguvu kubwa ambayo chombo kinaitafuta, kikiiona kinaikazia macho na kujua Dunia iko wapi.

Lakini hata hapo Dunia uliyoiona sio Dunia iliyopo. Mwanga uliouona uliondoka dakika 12 na nusu zilizopita, na jibu lako litachukua dakika 12 na nusu nyingine, jumla dakika 25. Dunia inalizunguka Jua kwa kama kilomita 30 kila sekunde, kwa dakika 25 imeshasogea kilomita 45,000, zaidi ya mara tatu ya upana wake. Chombo nacho kinatembea. Ukijibu kule ulikouona mwanga ukitokea utakuwa umelenga sehemu ambayo hakuna mtu, kwa hiyo kompyuta ya chombo inahesabu mwendo wa wote wawili kwa pamoja na kulenga pembeni, pale ambapo kituo kitakuwepo mwale utakapofika. Huwa nikifikiria hilo nashindwa kuelewa kwa nini halisemwi zaidi, maana ni jambo la ajabu kuliko spidi zote zinazotajwa kwenye vichwa vya habari.

Jaribio kubwa la haya yote lilipanda na chombo cha NASA kinachoitwa Psyche, kilichoruka tarehe 13 Oktoba 2023 kwenda kwenye asteroidi yenye jina hilo hilo. Kifaa cha leza kinaitwa DSOC, leza yake ni ya wati 4 tu na kioo chake ni cha sentimita 22. Leza ya kupanda ilitoka Table Mountain kule California, na ya kushuka ilipokelewa na darubini ya Hale pale Palomar, kioo cha mita 5.1. Tarehe 14 Novemba 2023 mawasiliano yakapatikana kutoka karibu kilomita milioni 16, na tarehe 11 Desemba ikashushwa video ya sekunde 15 ya paka anayefukuza nukta nyekundu ya leza, kutoka kilomita milioni 31, kwa megabiti 267 kwa sekunde. Ilitumia sekunde 101 njiani. Watu walimkumbuka paka wakasahau megabiti, ila megabiti 267 toka umbali wa mara 80 ya Mwezi ni kitu ambacho redio haijawahi kukikaribia.

Sasa angalia kinachotokea kadiri chombo kinavyokwenda mbali. Aprili 2024 kikiwa kilomita milioni 226, juu kabisa ilikuwa megabiti 25. Juni 2024 kwenye kilomita milioni 390, data ilikuwa inafika Duniani kwa spidi ya megabiti 6.25 kwa sekunde. Desemba 2024 wakawasiliana toka kilomita milioni 494. Wembamba au sio wembamba, mwale bado unatanuka, na ukiongeza umbali mara mbili eneo unaloangukia linakuwa mara nne. Leza haijafuta sheria hiyo, imeanzia pazuri zaidi tu.

Kinachoingia Palomar kutoka mbali hivyo ni kidogo kiasi kwamba huwezi kukiita mwanga kwa maana ya kawaida. Wati 4 ni kama fotoni bilioni bilioni 30 kila sekunde. Zikitawanyika kwenye duara la kilomita 1,600, kioo cha mita 5 kinaokota kama fotoni milioni 300 kwa sekunde, na hiyo ni kabla ya kutoa zinazopotea kwenye hewa na vioo. Ukitaka megabiti 25 kutoka humo, kila biti ina fotoni chache za kuhesabu kwa vidole. Kwa hiyo kipokezi chenyewe ni nyaya nyembamba mno zilizopozwa mpaka karibu na sifuri kamili, yaani baridi ya mwisho kabisa inayowezekana, zinapitisha umeme bila ukinzani wowote, fotoni moja ikigonga waya hali hiyo inavunjika kwa muda mfupi sana na kipimo kinasajili: imefika moja, saa hii.

Na hiyo "saa hii" ndo inayobeba ujumbe. Fikiria milango 16 imepangwa mstari na mtu anagonga mmoja tu. Hodi ni moja, lakini kwa kuchagua mlango upi agonge amekupa uwezekano 16, sawa na biti 4. Ndivyo DSOC ilivyofanya, ila badala ya milango ni vipande vifupi vya muda, leza inawaka kwenye kipande kimoja tu kati ya 16, au hata kati ya 128 chombo kikiwa mbali, ambapo mwako mmoja unabeba biti 7. Ni njia ya mtu mwenye fotoni chache anayetaka kila moja ifanye kazi kubwa iwezekanavyo, na inahitaji saa za pande zote mbili zikubaliane kwa usahihi wa hali ya juu.

Turudi kwenye lile wingu la Bell. Redio inapita mawingu, mwanga wa nanomita 1,550 haupiti wingu nene, na hakuna ujanja wa uhandisi wa kulitoboa. Kinachofanyika ni kuwa na vituo vingi sehemu zenye hali ya hewa tofauti ili kimoja kikifunikwa kingine kiwe wazi. Mtambo wa majaribio ya leza wa NASA unaoitwa LCRD, uliopanda ndani ya setilaiti Desemba 2021, una kituo kimoja California na kingine Hawaii kwa sababu hiyo hiyo, na Julai 2025 vituo vya kuangalia nyota vya Ugiriki viliungana na jaribio la Psyche, kimoja kikirusha na kingine kikipokea. Hata anga likiwa safi hewa yenyewe inachemka, joto na baridi vinachanganyika na mwale unapindapinda, kitu kile kile kinachofanya nyota zimetemete. Kwenye kupokea kuna vioo vinavyojikunjakunja mara nyingi kwa sekunde kurekebisha mwanga, na kwenye kurusha wanatuma miale kadhaa sambamba ili mmoja ukivurugika mwingine upite. Jaribio la Mwezi la mwaka 2013, lililoshusha megabiti 622 kwa sekunde, lilikuwa na darubini nne za kurushia kwa ajili hiyo.

Dawa bora ya wingu ni kulikwepa kabisa, yaani leza ibaki huko huko juu kati ya chombo na chombo. Kwenye hili Ulaya ilitangulia. Novemba 2001 setilaiti ya Artemis na ile ya Ufaransa ya SPOT 4 ziliungana kwa leza kwa megabiti 50 kwa sekunde, na toka 2016 kuna mfumo kamili wa EDRS. Setilaiti za kupiga picha za Sentinel zinazunguka chini chini, zikipita juu ya kituo chao zinakiona kwa dakika kama 10 tu halafu zimezama, kwa hiyo badala ya kusubiri kituo zinarusha data juu kwa leza, gigabiti 1.8 kwa sekunde, kwenda kwenye setilaiti iliyotulia kilomita 36,000 juu, na hiyo inaishusha Duniani kwa redio inayopita mawingu bila shida. Kwangu mimi huo ndo mpangilio wenye akili kuliko wote, kila kimoja kimepewa kazi inayokifaa.

Na kwenye setilaiti za intaneti, kama Starlink ambazo zinaunganishwa kwa leza kwa maelfu, ule usemi wa "mwanga una spidi" unapata ukweli kidogo, ila mshindani sio redio. Ni nyaya za kioo za chini ya bahari. Ndani ya kioo mwanga unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde, angani 300,000, kwa hiyo kwa safari ndefu za kuvuka mabara njia ya juu inaweza kuwahi hata ukihesabu kupanda na kushuka.

Kuna anayeuliza basi kwa nini redio isistaafishwe. Nitakujibu kwa Voyager 2, chombo cha NASA kilichoko mbali sana. Julai 2023 ilitumiwa amri yenye kosa, antena yake ikageuka nyuzi 2 tu nje ya Dunia, na mawasiliano yakakatika kikiwa umbali wa karibu kilomita bilioni 20. Kituo cha Canberra, Australia, kikapaza redio yake kwa nguvu zote kuamuru chombo kigeuke, wakasubiri saa 37 kwenda na kurudi, na tarehe 4 Agosti data ikaanza kuingia tena. Iliwezekana kwa sababu mwale wa redio ni mpana, hata antena ikiwa imeangalia pembeni bado inasikia kidogo. Kwa leza ya aina ya DSOC nyuzi 2 ni kama upana wa mwale mara 5,000. Usingesikia kitu. Chombo kilichopatwa na matatizo, kinachozunguka ovyo, kisichojua Jua liko wapi, hakiwezi kulenga mwale wa leza, na huo ndo wakati unaohitaji kuongea nacho kuliko wakati wowote. Redio ya antena ndogo inayosikia kutoka karibu kila upande ndo inayookoa vyombo, na sioni mhandisi yeyote mwenye akili timamu atakayeiondoa.

Kwa hiyo kazi inayoendelea sasa ni ya kuzikalisha pamoja. Pale Goldstone, California, kwenye moja ya vituo vya mtandao wa NASA wa mawasiliano ya mbali, kuna antena ya majaribio ya mita 34 ambayo ndani ya dishi lake imefungwa vioo saba vyenye uwezo wa kioo kimoja cha mita 1. Kwenye majaribio dishi liliendelea kupokea redio kutoka Psyche na papo hapo vile vioo vikawa vinakusanya leza ya chombo hicho hicho. Mwisho wa Desemba 2023 ilishusha data ya leza kwa megabiti 15.63 kwa sekunde toka kilomita milioni 32, na wazo lililopo ni kufika kwenye antena yenye vioo 64, sawa na darubini ya mita 8, bila kuacha kupokea redio hata siku moja.